Utepe wa Burma wa Mzee Hezroni

Wasikilizaji wapendwa, mwagonile! Kama redio yako iko jikoni, ongeza sauti kidogo. Asubuhi hii tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimcheka. Msikatae, nawajua.

Tunamkumbuka Mzee Hezroni Mwakibete wa Talatala. Mkulima wa kakao, mpiga ngoma wa kwaya. Tumemzika Jumamosi. Sokoni, hata pale Mbugani, mlimwita Mzee Bandia.

Haya, jina hilo lilitoka wapi?

Baba yake, Mzee Ambilikile, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Alipigana Burma, wenyewe wakiita Bama, katika vita ya pili ya dunia, akarudi na nishani: nyota inayoning'inia kwenye utepe. Nyota ilikwenda na mafuriko. Kaburi la mzee nalo likachukuliwa na maji. Picha hakuwahi kupigwa. Ukabaki utepe tu: nyekundu katikati, buluu nzito pembeni, na ndani ya kila buluu mstari mwembamba wa rangi ya machungwa. Hezroni alikuwa akisema, "Utepe huu ndio baba. Sina baba mwingine wa kuwaonyesha wajukuu."

Shikeni hilo, wasikilizaji. Utepe ndio baba.

Basi ikaja jubilei ya usharika, na maonesho ya vitu vya kale. Hezroni akaupeleka utepe wake, kifua mbele. Aliyekagua vitu alikuwa Mwalimu Restituta, mwalimu wa historia aliyehamia kwetu kutoka Bukoba. Alikuwa amesoma kwamba tepe za kuiga mara nyingi zina nyuzi za kisasa, na nyuzi hizo huwaka chini ya taa ya zambarau. Tepe za wakati wa vita hazitakiwi kuwaka. Akaazima kwa wakala wa pesa kile kitaa cha kukagulia noti. Akamulika.

Utepe ukawaka, mweupe wa kibuluu! Kanisa zima likaona.

"Mzee, pole," Mwalimu alisema. "Huu ni wa kuiga."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Kaununua sokoni Lyulilo pamoja na chungu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hezroni akakunja utepe wake, akatoka. Tangu siku ile, Mzee Bandia. Wengine wakaongeza chumvi, eti Ambilikile hakufika hata Mbeya, sembuse Burma.

Miaka ikapita. Karibu na Pasaka iliyopita, Mwalimu Restituta akaenda Talatala kununua mchele. Akapita uani kwa Hezroni. Mama Tulinagwe, mdogo wake Hezroni, alikuwa anaanika kanzu nyeupe za kwaya. Na katikati ya kanzu, umebanwa kwa kibanio, utepe!

Mwalimu mwenyewe amenisimulia: "Nilisimama kama niliyepigwa. Nikamuuliza, Mama, huu nao unaufua?"

Mama Tulinagwe akamshangaa. "Sasa mwanangu, kitu cha baba kikae na uchafu? Kila Pasaka naufua. Nauloweka kwenye sabuni ya unga, kisha naufikicha."

Mnaijua sabuni ya unga, wasikilizaji. Ina dawa ya kufanya nguo nyeupe ing'ae. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayowaka chini ya taa. Mwalimu akarudi na kitaa, wakaingia chumbani, wakafunga madirisha. Akamulika kanzu ya kwaya: ikawaka. Akamulika utepe: ukawaka vile vile. Kumbe siku ile taa iliona sabuni!

Hakuishia hapo. Akamwomba Hezroni uzi mmoja wa kuchoma. Hezroni akacheka: "Choma, mwanangu. Baba alinusurika Bama, uzi mmoja hautamuua." Kwanza wakachoma uzi wa utepe wa medali ya michezo ya shule. Ukayeyuka kama mfuko wa plastiki, ukaacha kidonge kigumu. Kisha uzi wa Ambilikile. Uliungua kama karatasi, ukabaki majivu. Mwalimu anasema uzi peke yake hautoshi, maana hata wa kuiga unaweza kuwa wa pamba. Basi akafumua pindo lililoshonwa kwa mkono. Nje rangi imefifia kwa jua, lakini ndani ya pindo ile ya machungwa bado ni kali. Utepe ni wa zamani, na umekaa juani miaka mingi.

Mwalimu akataka kutangaza kanisani Jumapili ile ile. Hezroni akakataa.

"Ukitaja sabuni, watauliza nani alifua. Huyu mdogo wangu watamwita mjinga aliyemfua baba yake mpaka akawa bandia. Mimi nimeshazoea. Niache."

Jamani! Hapo mimi nililia, nasema wazi. Mtu anasafishwa jina, anakataa, ili dada yake asichekwe!

Nilipokwenda msibani, Mama Tulinagwe alinishika mkono hakuuachia. "Kaka alinikataza kusema. Sasa hayupo wa kunikataza. Sema redioni. Sema ni mimi."

Nimesema, mama. Ndaga fijo, asante sana.

Kwa Mama Tulinagwe, watoto, wajukuu na kwaya nzima, poleni sana kutoka kwetu studio. Nanyi mliocheka, kabla ya kumwita mtu mwongo, ingieni kwanza uani kwake, muone wanavyoishi na vitu vyao.

Jumamosi utepe uliwekwa juu ya jeneza. Lilipokuwa linashushwa, ukateleza, ukaanguka kwenye tope la kaburi. Mama Tulinagwe akauokota. Nilimuuliza kama ameshaufua.

"Hapana," aliniambia. "Lile ni tope la kaka. Pasaka hii siufui."