Keria ya Mama Shakila

Kijiwe chetu kiko Masasi, mbele ya karakana ya Nurdini, tunayemwita Cheche kwa kuwa mashati yake yote yametobolewa na moto wa kuchomelea. Benchi ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili. Ukikaa na kikombe cha kahawa ya Bwanali, unaitazama ile milima ya mawe mpaka unasahau ulichotaka kusema. Siku ile gari la Filemoni lilikuwa limeegeshwa hapo. Dereva huyu mstaafu alikuwa ameigeuza Haisi yake nyumba: kitanda, jiko la gesi, mapazia ya maua. Mkewe, Mama Shakila, alianguka na bodaboda miaka miwili iliyopita, miguu ikakataa kabisa. Sasa mumewe alitaka kumtembeza. Ndani pamejaa, kwa hiyo Cheche alikuwa uvunguni akifunga keria ya chuma kwa nyuma, pale panapofungwa tela, ibebe kiti cha magurudumu cha mama huyo.

— Si mngekiweka juu ya paa tu? Bwanali akauliza.

— Mchumia juani hulia kivulini, akajibu Khalfan. Kiti kikikaa juani, tairi zitalia.

Khalfan alikuwa utingo wa malori. Tunamwita Ramani, maana hakuna mji ambao hadai kulala.

— Nyuma nako kuna shida, Cheche akasema kutoka uvunguni. Mzigo ukizidi, pua ya gari inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi.

— Kwenye kona za kupanda Newala? Hiyo baraka! Ramani akasema. Litapanda lenyewe kama moshi.

— Halafu lisitue, Bwanali akaongeza. Mnaelea tu, Ruvuma yote iko chini yenu, chai mnakunywa na mawingu.

— Hapo mnanyoosha hadi Nyasa, Ramani akadakia. Asubuhi mnafungua mlango, ziwa limewasubiri kizingitini.

Filemoni hakucheka. Kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi.

— Huwa ananisimulia ndoto zake, akasema. Zote ziko barabarani.

Cheche akatoka, akajipangusa, akampandisha Ramani kwenye keria kama mzigo wa majaribio. Filemoni akalizungusha gari taratibu. Keria ikacheza. Cheche akaongeza bolti ya kubana, na safari ya pili Ramani akarudi amesimama wima, mikono kaikunjua kama tai.

— Imekaa! Zambia tunafika! Na mbele ya Zambia kuna barabara jua linachwea katikati yake, unalipita hivi hivi, unalipigia honi!

Ndipo Shakila akatokea akimsukuma mama yake kwenye kiti. Hatukumtarajia. Tukainuka wote.

— Shikamoo, Mama Shakila.

— Marahaba. Kaeni.

Mama akaishika keria, akaitikisa kwa mikono yake iliyozoea jembe.

— Imara. Kiti ndiyo kitakaa hapa?

— Hapo hapo, mke wangu, Filemoni akasema.

— Na mimi?

— Ndani, kitandani. Raha mustarehe.

— Sasa nikiamka, nataka kushuka mwenyewe, kiti nitakifikiaje?

Bwanali akainamia birika lake. Filemoni akamtazama mkewe, akaitazama keria, akamtazama tena.

Kisha akaingia garini. Akatoa mtungi wa gesi, madumu ya maji, sufuria, magunia, akavipanga kwenye keria kimoja kimoja, uzito usizidi ule wa Ramani. Pembeni mwa kitanda pakabaki wazi, kiti kikaingia. Cheche akawasha tena mashine, akatengeneza bati pana la kuteremkia, lenye bawaba, la kusukumwa kwa mkono mmoja kutoka ndani.

Jumamosi wakaondoka. Jumapili asubuhi simu yangu ikaita. Alikuwa Filemoni, kutoka Newala, ananong'ona.

— Nimeamka, ndugu yangu, kitanda kitupu. Mlango wazi. Nimeshtuka kweli.

— Yuko wapi?

— Namwona pale mbele, kabla ya mteremko. Kafunga breki, anautazama ukungu unavyotoka bondeni.

— Sasa si umfuate?

Nikasikia majogoo wa huko kwenye simu.

— Hapana, akasema. Ngoja kwanza. Miaka miwili hii hatujamwacha hata siku moja akae peke yake.