Mama Godelieve Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Godelieve Mushiya anamaliza miaka thelathini na mitano ya kazi katika karakana ya klabu yetu ya gofu hapa Kolwezi. Wenye kumbukumbu nzuri watasema sentensi hii wamekwisha kuisoma. Hawatakosea. Niliiandika mwaka 2021, nikaiandika tena mwaka 2023, na leo nimebadilisha tarehe na idadi ya miaka tu, maana mwandishi naye huchoka.

Mbuzi wa kwanza tulimla, wa pili tukamla. Wa tatu amefungwa nyuma ya jiko wakati naandika haya, na kusema kweli ni mdogo kuliko wenzake. Mama Huguette, mpishi wetu, ameapa kwamba hatachinja wa nne kwa ajili ya mtu yuleyule. Mimi, Stany, karani ninayepokea fimbo zenu dirishani, namuunga mkono Mama Huguette, na kabla hamjamaliza kusoma mtajua sababu.

Mama Godelieve alizaliwa Kisenge, kule kwenye migodi ya madini ya manganizi, wa pili katika nyumba ya wasichana wawili. Aliletwa Kolwezi na ndoa, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, akitengeneza kalibu za mchanga za vipuri vya pampu. Kiwanda kilipofungwa, klabu ilikuwa inatafuta mtu wa kutengeneza fimbo za chuma, kwa sababu kichwa kipya cha fimbo kutoka Ulaya kilichukua miezi kufika, na pengine hakikufika kabisa. Akaja kujaribu kwa wiki moja, wiki ambayo hadi leo haijaisha.

Kwa wageni wetu wasiocheza, nieleze kidogo. Kichwa cha fimbo ya chuma kina uso unaopiga mpira, mgongo, unyayo unaokwaruza ardhi, kisigino upande wa mpini, na ncha upande wa nje. Ardhi yetu mnaifahamu. Wakati wa kiangazi inakuwa nyekundu, ngumu, na imejaa vijiwe, nayo inakula unyayo wa chuma kama vile nguo za watoto zinavyokula sabuni ya kufulia. Baada ya misimu michache fimbo inakuwa nyepesi, mpira hauinuki, na mwenye fimbo anamlaumu mbeba mfuko wa fimbo.

Fimbo ya kwanza aliyopewa, Mama aliipima, akajua imepungua kiasi gani, akarudisha uzito uleule, gramu kwa gramu. Aliubandika mgongoni kwa juu, mahali palipomruhusu kufanya kazi kwa urahisi. Mpira ukatoka chini chini, ukakatiza uwanja na kuishia kwenye mfereji. Siku hiyo ndipo aliposema neno ambalo sisi wa karakana tumelisikia mpaka tunaliota: “Uzito haina shida. Fasi ya uzito njo shida.” Yaani shida ni mahali uzito unapokaa.

Tangu hapo alianza kuutafutia uzito mahali pake. Akiuweka chini, karibu na unyayo, mpira unapanda. Akiupunguza katikati ya mgongo na kuupeleka pembeni, kwenye ncha na kisigino, kichwa hakipinduki ovyo mkononi hata mpira usipogonga katikati ya uso. Alikuwa anatoboa tundu chini, anapigilia kipande cha shaba, anakisaga mpaka kiwe sawa na chuma. Shaba ni nzito kuliko chuma, na hapa kwetu mtu atakosa chumvi lakini si kipande cha shaba. Ndiyo maana fimbo za Kolwezi zina vidoa vyekundu kwenye unyayo, na wachezaji wa Lubumbashi huzigeuza na kuuliza ni ugonjwa gani.

Rais wetu wa klabu, Tata Mukalay, zamani hakutaka kusikia habari hizo. Alipenda fimbo zenye mgongo mnene katikati, za kupendeza machoni, nazo zilimtesa kila Jumapili. Mama hakubishana naye. Alichukua fito, akaning’iniza madumu mawili ya maji katikati, akamwambia alizungushe huku na huku kama usukani. Likazunguka. Halafu akayasogeza madumu kwenye ncha mbili za fito, akamwambia azungushe tena. Fito likakataa, dumu moja likamwagika, viatu vya Rais vikalowa. Rais alicheka kuliko sisi sote, na wiki iliyofuata alileta fimbo zake zichongwe upya.

Kwa kazi hiyo Mama alipata vyeti viwili, saa ya ukutani, na mkono wa kuume usiofungika. Hilo la mkono halikuandikwa kwenye vyeti. Asubuhi anashika kikombe kwa mikono yote miwili. Nyundo anaishika baada ya kuuloweka mkono kwenye maji ya moto, na bado saa sita haijafika anaiweka chini, anauangalia mkono wake kama mtu anayeangalia pikipiki iliyomzimikia njiani. Amechoka. Nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi, sitalipaka jambo hili rangi.

Basi mwaka 2021 alistaafu. Tulimpa kitenge, tulicheza, na Symphorien, aliyekuwa mchomeleaji wa malori ya mgodini, mtu mzima mwenye mikono safi na roho nzuri, akakabidhiwa karakana. Symphorien alianza palepale alipoanzia Mama: aliweka shaba mgongoni kwa juu, maana ndiko kunakotobolewa kwa urahisi. Mipira ikaanza kutembea chini chini. Mmoja uliingia dirisha la jikoni, ukatua ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ya Mama Huguette. Tukapeleka teksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani kwake Dilala kumwomba Mama aje siku mbili tu. Zikawa miaka miwili.

Mwaka 2023 alistaafu tena. Tulimpa redio. Safari hii alikuwa amepanga kurudi Kisenge kwa dada yake mkubwa, Kapinga, mjane kama yeye, na godoro lake lilikwisha kufungwa juu ya lori. Lakini yalikuwa yanakaribia mashindano, na Symphorien, kwa kutaka kutuheshimisha, alizisaga fimbo zote mpaka zikang’aa, ukaweza kujinyoa ukijitazama ndani yake. Zilipendeza sana. Ila ule uzito wa kwenye ncha aliubakiza sakafuni, vumbi tupu. Teksi-moto ilimkuta Mama kwenye kituo cha malori, na godoro likashushwa. Kule Kisenge dada yake alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na kuku, akakaa mlangoni mpaka chakula kikapoa.

Naandika haya bila furaha, kwa sababu mimi ndiye niliyeita teksi-moto mara zote mbili. Nilitumwa, ndiyo, na ningetumwa tena ningeita. Lakini tazameni tulichokifanya. Mwanamke aliyetufundisha kutorundika uzito mahali pamoja, tulimrundikia karakana nzima yeye peke yake, halafu tukashangaa kwamba amepinda mgongo.

Mwezi wa tano simu iliita karakanani. Alikuwa Kapinga. Macho yake yanakwisha, la kushoto limeshazima, na la kulia linaona mchana tu, vitu vikiwa karibu. Mama aliweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu mkono haukuweza kuishikilia sikioni, kwa hiyo wote tulisikia: “Godelieve, ukuye wakati mi ningali naona sura yako. Kisha pale, hata ukikuya, utakuwa sauti tu.” Mama alijibu kwamba atakuja. Dada yake akamwambia kwamba na ile mara ingine alisema hivyohivyo.

Siku ileile Mama aliandika barua ya kustaafu. Rais akaipokea kwa heshima, kisha akakumbuka kwamba mwezi wa nane tutapokea wachezaji wa Lubumbashi. Akaniita pembeni, akaniagiza niongeze kwenye wasifu huu sentensi moja: kwamba Mama Godelieve amekubali kubaki mshauri wetu hadi mashindano yapite. Nilimuuliza kama Mama ameulizwa. Akasema Mama hajawahi kukataa, na katika hilo alisema kweli kabisa.

Ikabaki njia moja ya kumwacha aende. Symphorien atengeneze fimbo namba saba peke yake, mwanzo mpaka mwisho, naye Mama aikubali. Wote mnajua Mama hajawahi kukubali kitu kwa mara ya kwanza. Fimbo alizozitengeneza mwenyewe alizirudia mpaka wenye fimbo wakazisahau. Neno “bado” akilitamka yeye, hata paka wa karakana huondoka.

Jumatatu Symphorien aliileta. Alikuwa ameweka shaba chini, ameitoa katikati, ameigawa ncha na kisigino. Mama alishika mpini kwa vidole viwili, kichwa kikaning’inia, akaanza kugonga uso wa fimbo polepole kwa mpira, akitafuta pale mahali ambapo chuma kikigongwa hakitetemeki wala hakijipindui. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote, najua vidole vyenye mpira huishia wapi kazi ikiwa sawa. Safari hii vilipita katikati, vikasimama karibu na kisigino. Shaba ya kisigino ilikuwa imezidi. Kidogo sana, lakini imezidi. Niliona kwamba ameona.

Nikasubiri “bado.” Symphorien naye alisubiri, ameshika kofia. Mama aligonga mara moja tena palepale, akaiweka fimbo juu ya meza, akasema: “Iko bien, Sympho. Inatosha.” Symphorien akauliza, “Mama, ni kweli?” Akamjibu, “Inatosha, baba.” Kisha akafungua kamba za aproni, na kwa sababu mkono ulimsumbua, Symphorien alimsaidia fundo la nyuma. Nilitoka nje nikasingizia simu. Nililia, basi, niseme tu.

Kesho yake Tata Mukalay alienda uwanjani na ile fimbo, nami nikambebea mfuko. Mpira wa kwanza ulipanda vizuri, ukaenda mbali, ukaangukia kushoto kwa bendera. Wa pili ukaanguka kushoto vilevile. Rais akaigeuza fimbo, akautazama unyayo, akanitazama mimi. Miaka hii yote amejifunza, hakuhitaji kuelezwa. Nikamwambia jambo moja tu, kwamba Kapinga, dada yake Mama, anaona mchana tu. Rais aliishika fimbo upya. Akasogeza miguu, akalenga kulia kidogo, akapiga. Mpira ulipanda, ukapinda taratibu, ukatua karibu na shimo. “Bon,” akasema. “Mama aende.”

Kwa hiyo ile sentensi ya mshauri haimo humu, na aliyeagiza iandikwe ndiye aliyeifuta. Zawadi ya safari hii ni nafasi ya mbele ya lori, kando ya dereva, Jumamosi asubuhi. Godoro lilitangulia tangu Jumatano, na Mama analala siku hizi juu ya mkeka kwa makusudi, ili tusipate cha kushusha. Symphorien atatengeneza fimbo zenu. Atakosea, atajifunza, na akikwama hatatafuta namba ya simu ya Kisenge, maana mimi ndiye niliyenayo na sina nia ya kuitoa.

Wanachama wapenzi, mpaka mkono wa Symphorien ukae sawa, fimbo zitakazotoka karakanani zitavuta mpira kushoto. Msizirudishe dirishani. Wala msiulize Mama yuko wapi.

Mama Godelieve, asante kwa kila ulichobeba, na utusamehe kwamba tulichelewa kukitua. Ufike salama, ukae karibu na dada yako mahali penye mwanga, akuangalie mpaka atosheke. Sisi huku tutalenga kulia kidogo.