Mhariri wa Sanamu na Jina Alilomwandikia Mama

Ndugu, jamaa na marafiki, huyu tunayemzika leo wengi tulimwita Mhariri, hata nyumbani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pekee wa mkunga na dereva wa gari la wagonjwa. Baba alifariki mapema, mama akamlea kwa jasho lake.

Alipojua kusoma tu, alibandika karatasi nyumba nzima: Kiti cha Mgeni, Sufuria ya Chai. Mama hakuthubutu tena kupikia maharage sufuria hiyo. Walimu wa sekondari walimkumbuka kwa ubishi wenye adabu. Mwaka 1985 alihitimu chuo kikuu, somo la historia.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye ensaiklopidia, dawati la sanamu za mitaani. Ilikuwa vurugu tupu. Mpanda farasi wa mbele ya posta alikuwa na makala tatu: moja kwa jina la kibaoni, moja kwa jina la mchongaji, moja kwa jina la mtaa. Marehemu ndiye aliyeandika kanuni inayotumika mpaka leo: makala ipewe jina ambalo watu wengi hulitumia kuiita sanamu, hata kama kibao kinasema mengine. Majina yakifanana, mji uwekwe kwenye mabano. Mwaka 1989 alimwoa fundi cherehani, aliyezoea kusema kwamba ameolewa na mume pamoja na mabano yake.

Sasa tuseme lililomla moyo kabla ya ugonjwa. Mwaka 1990 ilisimamishwa kwenye kituo cha mabasi sanamu ya mkunga anayecheka, amebeba kichanga. Aliyechongwa ni mama yake Mhariri. Miaka sita baadaye lori la mchanga lilirudi kinyumenyume, likaigonga na kuivunja meno ya mbele. Tangu hapo mji mzima ukaiita Kibogoyo. Makondakta walitangaza kituo kwa jina hilo, na mama yumo ndani ya basi.

Mwaka 2001 makala ya sanamu hiyo ilifika mezani pake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wenzake walimshauri amwachie mwingine, akakataa, asije akaonekana ana kanuni ya kuwabana watu baki tu. Akaandika Kibogoyo. Mama aliisoma jikoni, akakifunga kitabu.

"Wa mtaani nimeshawazoea," alimwambia. "Hata wewe, mwanangu?"

Hakuwa na raha tena. Kuivunja kanuni hakuweza, kwa hiyo akaamua kuubadili mji. Kila Jumamosi alisimama kituoni akiwaomba makondakta, wauza magazeti na wanafunzi waseme Mkunga. Walimwitikia kwa heshima, "Sawa mzee, Mkunga," kisha basi likiondoka wanaita lile lile. Wengine wakaanza kumwita yeye Mtoto wa Kibogoyo. Aliendelea kwenda.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kwanza sanamu inaitwaje siku hizi. Ndugu walimsihi binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, amdanganye tu mgonjwa apate nafuu ya moyo. Alishindwa.

"Bado, baba," alimwambia.

Akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023, mama yake akiwa ameishika miguu yake.

Jana tulimwomba mhariri mkuu, ambaye yupo nasi hapa, abadili jina hilo walau kwa ajili ya bibi, mama wa marehemu. Alilia kwa kweli, kisha akasema mikono yake imefungwa, kwa sababu kanuni ni ya marehemu mwenyewe. Hatuna pengine pa kwenda.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mama yake, aliyewazalisha wengi mliosimama hapa. Tunawasihi, mkishuka kituoni leo, msilitamke jina lile. Semeni Mkunga. Bibi yu hai, na anasikia. Mwanawe apumzike kwa amani, maana sisi tumeshindwa kumpatia.