Kuruka Foleni Kwenda Ligi Kuu

Kwenye basi la Halifax, Uingereza, mzee wa skafu nyekundu alimgeukia dada wa skafu ya bluu. “Sisi wa tatu, nyie wa sita, tumewaacha pointi kumi na tano. Leo mchujo wa kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda daraja unatuweka sawa! Huko ni kuruka foleni.”

Kwa Mwingereza, hilo ni tusi zito kuliko la nguoni.

“Pole, babu. Wachapeni basi.”

“Miaka ishirini na sita naingoja ligi kuu, binti!”

“Na mwaka juzi, mlipoingia mchujo mkiwa wa sita?”

Mzee alikohoa. “Mwaka juzi mfumo ulikuwa haujaharibika.” Kisha akabonyeza kengele. Basi likasimama, akashuka; uwanja ulikuwa bado vituo viwili mbele.