Benchi la Mzee Bahasha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza stoo ya shule yetu, Mzee Bahasha anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Walimu walioombwa kumwandikia walisema wamebanwa na kazi. Basi nimeandika mimi mfagiaji, niliyefika hapa kutoka mbali nikapokewa naye kwa fagio na kikombe cha chai.

Alianza kwa kuhesabu chaki na majembe. Mwaka wake wa tatu alikabidhiwa mashindano ya ubunifu ya wanafunzi, ambayo mshindi wake hulipiwa masomo ya chuo cha ufundi. Aliona majaji wanasoma jina la mtoto kabla ya kutazama kazi yake. Akaanza kufunika majina kwa namba, na orodha ya majina akaifungia katika bahasha iliyozibwa kwa nta ya mshumaa. Ndipo alipopata jina lake.

Kisha akaweka benchi nje ya mlango wa ukumbi. Jaji mwenye mtoto au mpwa mashindanoni alitoka akaketi hapo mpaka mwisho. Aliyenung'unika aliambiwa kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Mwaka mmoja majaji watano kati ya sita walibanana kwenye benchi hilo, akabaki mwalimu wa muziki, mnene wetu, kuamua daraja lipi la mbao ni imara. Aliyakalia moja baada ya jingine. Lililomstahimili ndilo lililoshinda, na hakuna mzazi aliyebisha.

Mwaka huu aliingia mjukuu wake, anayemlea tangu mama yake afariki. Binti huyo alitengeneza pampu ya maji kwa pedali za baiskeli kuukuu. Naijua vizuri, nimemwagilia nayo bustani mwezi mzima. Asubuhi ya mashindano Mzee alimkabidhi mwalimu mkuu msaidizi bahasha, akaenda kuketi benchini. Alikuwa peke yake. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye mwanawe alikuwa namba saba, alimpita akaingia ndani kuhukumu. "Pumzika, babu," alimwambia, "leo ni zamu yako."

Nilikuwa nafagia ukumbini. Bahasha ilifunguliwa kabla ya kazi ya kwanza kutazamwa. Namba saba, nyumba ya maboksi ambayo taa yake haikuwaka, ilipewa ushindi. Pampu haikutiwa hata tone la maji.

Mzee alipouliza kwa nini pampu haikujaribiwa, mwenyekiti alimjibu mbele ya watu wote: "Mzee wangu, wewe si ulikuwa nje? Umejuaje?" Watu wakacheka. Mimi niliyekuwa ndani nilishika fagio langu, nikaendelea kufagia. Nayasema leo, na nimechelewa. Nafasi ya chuo imekwenda, na mwakani bahasha itatunzwa na mwenyekiti mwenyewe.

Ofisi imeamua zawadi ya kumuaga iwe lile benchi, kwa kuwa halina kazi tena.

Ahsante, Mzee Bahasha, kwa kila jina ulilofunika ili kazi ya mtoto ionekane. Tunakuombea afya na usingizi mzuri, na mjukuu wako apate mlango mwingine. Benchi nitakubebea mwenyewe Jumamosi asubuhi. Ukinikaribisha niketi nawe, nitashukuru. Usiponikaribisha, nitaelewa.