Filimbi, Msoma Mita Aliyekadiria Pumzi Zake

Ndugu jamaa, majirani na wafanyakazi wa idara ya maji, mimi ni mdogo wake wa kike, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Filimbi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, wa pili kati ya watoto wanne, katika chumba cha mwisho cha nyumba ya wapangaji sita, siku ambayo bomba la uani lilikuwa limekatika, jambo ambalo mama alilitaja kila alipoulizwa kwa nini mwanawe aliishia kwenye mita. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985 na sekondari kuanzia 1986 hadi 1989, akawa mkimbiaji wa mita elfu moja na mia tano, ila kila akikimbia dakika tano kifua kilianza kupiga mluzi, na hapo ndipo alipopata jina. Mwaka 1988 daktari alisema ni pumu inayoamshwa na mazoezi, akampa inhela ya bluu, mivuto miwili dakika kumi na tano kabla ya kukimbia, na msimu ule ule akashika nafasi ya pili.

Tarehe 3 Septemba 1992 aliajiriwa kusoma mita za maji, kazi aliyoifanya kwa miguu miaka thelathini. Alipokuta geti limefungwa alikadiria kwa kufuata miezi iliyopita, akaandika kwa penseli na herufi K, yaani kadirio, pembeni, na wino aliutumia kwa kile tu alichokisoma kwa macho yake. Wenzake walimsikia akipanda ngazi, wakamuuliza, "Filimbi, mechi inaanza saa ngapi?" naye akawajibu, "Imekwisha, na mmefungwa nyie."

Tarehe 17 Agosti 1996 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na kitindamimba, binti aliyezaliwa 2007, akarithi miguu ya baba na kifua cha baba.

Januari mwaka huu marehemu alianza kumeza vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini C, akajisikia vizuri, na Februari akaacha inhela ya pili, ile ya kuzuia aliyopewa baadaye avute kila siku, ingawa daktari alimwambia wazi kwamba vidonge vile huenda vikasaidia kidogo lakini havichukui nafasi ya dawa. Alikuwa na daftari la mbio, lake na la binti yake, ambalo kila tarehe mosi alilijaza mapema, mwezi mzima, kwa penseli: dakika, mivuto iliyobaki, saa ya kurudi, na K pembeni. Mivuto hakuihesabu, aliikadiria kwa wastani wa mwaka jana, alipokuwa akihitaji michache.

Jumamosi tarehe 3 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alivuta mara mbili, akatoka, na kinyozi wa kona akamkuta ameketi chini kando ya ukuta, inhela mkononi, bado ikitoa sauti kila akiibonyeza. Alifariki hospitalini saa mbili kasoro dakika kumi. Daktari alitueleza kwamba kopo lile lilikuwa limekwisha dawa na kubakiwa na upepo. Penseli ilisema imebaki mivuto sitini na minne.

Tangu siku hiyo daftari limekuwa ndani ya kabati la wifi, na ufunguo shingoni mwake.

Leo, Jumatano tarehe 7 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, kitindamimba aliniambia, "Shangazi, leo namkimbilia baba ile njia yake," akaanza kutikisa inhela yake. Nikaomba daftari nione njia yenyewe. Jumapili, Jumatatu na Jumanne zilikuwa kwa penseli. Mstari wa leo ulikuwa kwa wino, bila K, kwa mwandiko wa kaka. Baba, iliyobaki: sifuri. Mtoto, iliyobaki: sifuri. Saa ya kurudi ilikuwa wazi kwa wote wawili. Sina maelezo, ninasoma kilichoandikwa.

Wifi alimpokonya mtoto ile inhela, tukaenda naye kwa mfamasia, akauliza ilinunuliwa lini, akapiga hesabu, akasema, "Mama, hii ni upepo mtupu tangu mwezi uliopita." Tukachukua mpya. Mtoto akavuta mara mbili mbele yetu, tukasubiri dakika kumi na tano, akakimbia, akarudi saa mbili na dakika tano, kifua kimya, akiuliza ni nani kati yetu alikuwa nyuma yake njia nzima akipiga mluzi.

Hakuna aliyetoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kinyozi aliyembeba, mfamasia aliyefungua mapema, majirani kwa viti na maji, na wafanyakazi wenzake waliokuja na sare. Saa ya kurudi ya mtoto nimeiandika mwenyewe, kwa wino. Ya kwako, kaka, tumeiacha wazi.

Pumzika. Mtoto amerudi.