Simu ya Beth Murugi na Msichana wa Barafu

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo. Kama uko jikoni, teremsha sufuria. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Wamagana. Jina lake Beth Murugi. Narudia kwa wale wanaotufungulia sasa hivi: Beth Murugi, wa Wamagana, hapa kwetu Nyeri. Mkulima wa majani chai, mjane, mama wa binti mmoja. Na shabiki sugu wa mfululizo wa runinga unaohusu watu wanaosafiri angani, huko kwenye nyota. Najua unacheka. Hata mimi nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka.

Kituo cha kukusanyia majani chai mnakijua. Mmechuma tangu asubuhi, mmefika na vikapu, na lori la kiwanda halijulikani litakuja saa ngapi. Kwingine watu husubiri kwa siasa. Kituo cha kina Beth kilisubiri kwa Beth. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda kwa dada yake Ngendo, mwenye runinga, anatazama. Jumatatu anawasimulia wenzake yote, kwa Gikuyu, huku amekalia kikapu.

Alisimulia vizuri, mama huyo. Meli inaitwa Alfajiri. Dunia imekufa, watu wamepanda meli, wanatafuta mahali pengine pa kuishi. Kapteni ni mwanamke mkali. Beth aliwaambia kapteni ana maringo kuliko mwenyekiti wa kituo, na mwenyekiti alikuwa hapo hapo akipima majani, akacheka pamoja nao.

Sasa nije kwa binti yake. Anaitwa Lynn. Alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kama wengi wa mabinti zetu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Halafu akapiga mara moja moja. Halafu kimya. Ajenti aliyempeleka akahama ofisi, na kila mlango Beth aliobisha aliambiwa arudi wiki ijayo.

Beth alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo. Nambari yake ni ile ile aliyokuwa nayo tangu Lynn akiwa shule ya msingi. Simu hiyo aliifunga kwenye leso akienda kuchuma chai. Haikuzimwa. Kanisani mchungaji akisema zimeni simu, watu wote wanazima, Beth hazimi. Mchungaji alijua, akamwacha.

Na huko kwenye runinga, wasikilizaji, kukatokea jambo. Msichana mmoja wa ile meli aliachwa kwenye sayari ya barafu. Wenzake walidhani amekufa. Akatengeneza redio kwa vyuma chakavu, akawa kila wiki anaita: "Alfajiri, nipo. Nasikia baridi, lakini nipo." Kina mama wa kituoni wakampa jina, Wabarafu, yaani binti wa barafu. Jumatatu Beth akifika, kabla hajatua kikapu, wanamuuliza Wabarafu amesema nini. Kila mtu pale alijua Beth anasimulia habari za msichana gani. Hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake.

Kuna shemeji yake Beth, Mzee Hezekiah, kaka wa marehemu mumewe. Si mtu mbaya. Alimpenda Lynn sana. Lakini muda ulipopita, akamjia Beth na lile neno ambalo familia nyingi hapa zinalijua na haziliongei. Mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa badala yake. Ili aliyepotea atulie, na waliobaki watulie. Hezekiah alimwambia mtoto hawezi kuachwa akitangatanga hewani bila kaburi.

Beth alikataa. Hezekiah mwenyewe aliniambia jibu lake: "Mzee, mimi siwezi zika mtu hajaniambia amekufa. Hiyo simu iko on. Akipiga, anipate."

Akakataa mara nyingi. Ngendo anasema nguvu za kukataa alikuwa akizipata Jumapili. Wabarafu akisema nipo, dada yake anarudi nyumbani amenyooka mgongo.

Basi ikaja ile sehemu. Wasikilizaji wapendwa, kama mlifuatilia mfululizo huo mnaijua, na najua kuna nyumba zilizozima runinga kabla haijaisha. Alfajiri, ile meli, ilimsikia Wabarafu. Kwa mara ya kwanza, ilimsikia wazi kabisa. Watu wakashangilia. Kapteni akapiga hesabu ya hewa. Kurudi kumchukua ni kuua wengine. Akaenda kwenye chumba cha mawasiliano, akasikiliza ile sauti mpaka mwisho, akazima kipokezi. Kisha wakatuonyesha barafu. Msichana yuko pale, bado anaita. Anasema nipo. Hajui kwamba upande wa pili wamezima.

Niliitazama mimi pia. Sikuweza kula.

Ngendo alikuwa kwenye kochi na dada yake. Anasema Beth hakulia. Alikaa mpaka matangazo ya sabuni yakaisha, habari zikaanza. Ngendo akamwambia hiyo ni sinema tu, watu wameandika. Beth akaitoa simu kwenye leso, akaiangalia. Akasema: "Ngendo, hao watu wako na mashine za kila aina na wamezima. Mimi niko na hii kasimu. Nangoja nini?"

Jumatatu alifika kituoni kama kawaida. Wakamuuliza Wabarafu amesema nini. Angeweza kuwadanganya, maana wengi hawakuwa na runinga. Aliwaeleza yote, bila kupunguza. Lori lilipokuja, hakuna aliyesukumana kwenye foleni siku hiyo. Na Beth alipopimiwa majani yake hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Hezekiah, akamwambia yuko tayari.

Mgomba aliukata yeye mwenyewe. Wanaume walitaka kumsaidia, akawaambia huyo ni mtoto wake. Akauvisha rinda la kanisani la Lynn, la bluu, lenye kola nyeupe. Likafanywa jeneza dogo. Mchungaji aliombea familia, hakuombea mgomba, naye pia mnamwelewa. Msalaba ukaandikwa jina la Lynn. Na kabla kifuniko hakijapigiliwa, Beth akainama, akaizima ile simu, akaiweka kwenye kola ya rinda. Hezekiah anasema alitaka kumzuia, ila alipoona uso wake akarudi nyuma.

Jumapili iliyofuata Beth hakwenda kutazama. Ngendo alitazama peke yake. Na huko angani fundi mmoja kijana, kwa kificho, alifungua kile kipokezi. Wabarafu akasikika tena. Ngendo hakungoja mwisho. Alivaa ndala akateremka mlima mbio kwenda kumwambia dada yake. Alimkuta akimenya viazi. Kabla hajafika nusu ya maneno Beth akamkatiza: "Usiniambie. Mimi nishazika."

Tangu hapo kituoni alikaa kimya, akingoja lori kama watu wengine. Kina mama walijaribu kumchokoza, kwamba kapteni ameolewa, kwamba meli imetua hapo jirani Othaya na mafuta yameisha. Alitabasamu kwa heshima. Chakula akawa anagusa tu. Baridi ya Julai ilipoingia, akalala usiku mmoja, asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni presha. Ngendo anasema daktari anajua kazi yake, lakini dada yake alianza kufa siku ya mgomba.

Beth Murugi alizikwa kando ya ule msalaba wa Lynn.

Wiki chache baadaye, Lynn alirudi nyumbani.

Ndiyo, wasikilizaji. Lynn yu hai. Yuko nami hapa studio, na ameniruhusu niyaseme haya. Mwajiri alimnyang'anya simu na pasipoti, akamfungia ndani muda mrefu. Alipofanikiwa kutoroka, wasamaria wakamficha, na mmoja akampa simu. Nambari zote za watu wake zilikuwa kwenye ile simu aliyonyang'anywa. Kwa kichwa aliijua nambari moja tu, ya mama yake. Akapiga. Haipatikani. Kesho yake tena, haipatikani. Alipiga mama akiwa hai bado, yuko Wamagana, anachuma chai, na simu yake iko ardhini. Mwishowe wale wasamaria wakamtafutia njia ya kurudi.

Wazee walikubaliana kwamba mtu aliye hai hawezi kuwa na kaburi. Wakalifukua. Lynn akasimama hapo akiangalia. Mgomba ulikuwa umeoza. Rinda lilikuwepo, na simu kwenye kola. Hezekiah aliomba msamaha mbele ya watu. Lynn akaipangusa udongo ile simu kwa kiganja. Alichosema hapo, nimemuuliza kama nikirudie, akaitikia kwa kichwa. Alisema: "Nimepiga hii nambari mpaka nikachoka. Kumbe nilikuwa napigia kaburi yangu."

Kwa Ngendo, kwa Mzee Hezekiah, kwa kina mama wa kituo cha majani chai, poleni sana. Kwako Lynn, pole. Sina neno kubwa kuliko hilo, na hilo ni dogo.

Wengine mtanipigia kulaumu. Mtamlaumu mzee, au mila, au runinga. Mimi nimetafuta wa kumlaumu, nimemkosa. Kila mtu alitaka Beth apumzike. Na Beth alingoja mpaka kungoja kukamshinda, kama kungekushinda wewe na mimi. Sitawadanganya kwamba hadithi hii ina faraja mahali fulani.

Nitawaachia jambo moja la kufikiria jioni hii. Weka simu yako kando, ujiulize ni nambari ngapi za watu wako unazozijua kwa kichwa. Lynn alijua moja.